Rais Akipinduliwa, Hurudi?

Kijiweni kwetu Magomeni, wanajeshi wakishasoma tangazo kwenye televisheni ya nchi yoyote ya Afrika, mada ya Simba na Yanga huahirishwa. Mwishoni mwa 2025 iliahirishwa miezi mitatu mfululizo. Oktoba, Rais Andry Rajoelina aliikimbia Madagascar, na tarehe 17 Kanali Michael Randrianirina akaapishwa. Novemba 26 ikawa zamu ya Umaro Sissoco Embaló wa Guinea-Bissau, siku moja kabla ya matokeo ya uchaguzi wake kutangazwa. Desemba 7, Jumapili asubuhi, wanajeshi wakajitokeza kwenye televisheni ya Benin kusema kwamba Patrice Talon si rais tena. Usiku haujaingia vizuri, Talon mwenyewe yupo kwenye televisheni, anasema hali imedhibitiwa.

Hiyo ya Benin ndiyo iliyovuruga kijiwe. Kuna kijana anauza kava na chaja za simu jirani na pale, naye mchana ule alishamzika Talon kisiasa. Jioni akageuka: basi na Embaló atarudi, na Rajoelina atarudi, na Bazoum wa Niger naye mtamwona. Mzee anayetuuzia kahawa, ambaye kwa kawaida hachangii mpaka amalize kugawa vikombe, akauliza swali moja: "Atarudi wapi?"

Watu wakacheka. Mimi nimekaa na swali hilo tangu siku ile, maana ndilo linaloamua kama mabishano yote haya yana jibu au hayana.

Maneno mawili yanayotupotosha

La kwanza ni "mapinduzi". Kiswahili kimelipa neno hili kazi mbili zisizofanana. Januari 12 tunapumzika kazini kwa sababu ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na chama tawala kimelibeba neno hilo kwenye jina lake. Kwa maana hiyo ni jambo la umma, la kubadili utawala na mpangilio mzima wa jamii. Halafu tunalitumia neno lilelile kwa maofisa kumi na wawili waliomfungia rais chumbani usiku. Hapa nazungumzia hiyo maana ya pili peke yake: watu waliomo ndani ya dola, mara nyingi wanajeshi, kumwondoa kiongozi kwa nguvu au kwa kumtishia, nje ya utaratibu wa katiba.

Wala si kila askari akifyatua risasi mjini basi ni mapinduzi. Sisi wa Dar es Salaam tunao mfano wetu. Januari 20, 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ndiyo Lugalo, waliwakamata maofisa wao Waingereza, wakaingia mjini, na Mwalimu Nyerere akafichwa. Walichodai ni nyongeza ya mshahara na maofisa Waafrika. Kiti cha rais hawakukitaka. Siku tano baadaye makomandoo wa Uingereza walishuka kutoka kwenye meli, na uasi ukaisha asubuhi moja. Nyerere alirudi kutoka mafichoni, lakini urais haukuwahi kumtoka mkononi. Ule ulikuwa uasi, kwa hiyo siuweki kwenye hesabu ya waliopinduliwa wakarudi, ingawa wapo wanaouweka.

Neno la pili ni "kurudi", na hapo ndipo mzee wa kahawa alipotubana. Rais aliyepinduliwa anaweza kurudi nchini, anaweza kurudi ofisini, na anaweza kurudi na madaraka yake. Ni safari tatu tofauti. Amadou Toumani Touré wa Mali alipinduliwa Machi 2012, akakimbilia Senegal, na mwaka 2017 akarudi Bamako. Alirudi kama mstaafu. Abdalla Hamdok, waziri mkuu wa Sudan, alikamatwa Oktoba 25, 2021, na Novemba 21 akarudishwa ofisini kwa makubaliano na majenerali walewale waliomkamata. Kiti alikipata, nguvu hakuzipata. Januari 2, 2022 akajiuzulu. Aliyesema Novemba ile kwamba Hamdok atarudi, alipatia au alikosea?

Kwa hiyo kabla ya kubashiri chochote lazima swali liwe na sehemu mbili: kurudi kwenye nini, na kabla ya tarehe gani. Bila tarehe huo si ubashiri, ni dua.

Siku saba za kwanza

Watafiti wawili wa Marekani, Jonathan Powell na Clayton Thyne, wamekusanya orodha ya mapinduzi na majaribio ya mapinduzi duniani kote kuanzia 1950. Kwao mapinduzi huhesabiwa kuwa yamefaulu endapo waliopindua wameshikilia madaraka kwa siku saba angalau. Wakishindwa kufika hapo, lile ni jaribio tu. Kwa kipimo hicho Afrika imeona majaribio zaidi ya 200, na takriban nusu yake, kiasi cha 100 na ushee, yalifaulu.

Angalia hapo kuna nini. Wakati askari wanasoma tangazo, rais wako bado ana nafasi kama ya shilingi iliyorushwa juu. Wiki moja baadaye shilingi imeshaanguka chini, na mchezo unaofuata ni mwingine kabisa, mgumu mara nyingi zaidi. Watu wengi pale kijiweni huchukua matumaini ya siku ya kwanza wakayabeba mpaka mwezi wa tatu.

Kwa nini wiki ya kwanza ina uzito hivyo? Mkumbuke mgomo wa wafanyabiashara wa Kariakoo wa Juni 2024. Asubuhi ile mwenye duka hakuwa anajiuliza tu kama mgomo ni wa haki. Alikuwa anamchungulia jirani: kafungua au hajafungua? Hakuna aliyetaka kuwa peke yake aliyefungua, na hakuna aliyetaka kuwa peke yake aliyefunga. Wakubwa wa vikosi huwa hivyohivyo saa chache baada ya tangazo. Kila mmoja ana askari wake na kambi yake, na kila mmoja anajua kwamba akiegemea upande utakaoshindwa, malipo yake ni jela au risasi. Wanasubiri dalili ya nani anashinda. Tangazo la televisheni ni kama kumpigia jirani kelele kwamba mtaa mzima umeshafunga, hata kama maduka yaliyofungwa ni mawili.

Ndiyo maana radio hupiganiwa kuliko benki kuu. Na ushahidi mzuri wa hilo ulianzia hapahapa mjini.

Mei 13, 2015 Pierre Nkurunziza wa Burundi alikuwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika Mashariki, uliokuwa unajadili machafuko ya nchi yake mwenyewe baada ya yeye kutaka muhula wa tatu. Akiwa huku, Jenerali Godefroid Niyombare, aliyewahi kuwa mkuu wa usalama wa taifa na kufukuzwa miezi michache kabla, akatangaza kumpindua kupitia radio binafsi. Uwanja wa ndege wa Bujumbura ukafungwa. Watu wakamiminika barabarani kushangilia. Ukiitazama picha ile tu, ungesema mtu kwisha: rais yupo ugenini, uwanja umefungwa, raia wanacheza.

Lakini radio na televisheni ya taifa haikuwa mikononi mwa Niyombare. Askari watiifu waliishikilia usiku kucha huku ikipigwa, na mkuu wa majeshi, Jenerali Prime Niyongabo, akaitumia kutangaza kwamba jaribio limezimwa. Maofisa waliokuwa wanachungulia madirishani wakajua waegemee wapi. Mei 15 Nkurunziza alikuwa Bujumbura. Hakurudishwa na mkutano wa Dar es Salaam, ingawa ulilaani. Alirudishwa na jengo moja ambalo halikutekwa.

Lilinganishe na Niger. Julai 26, 2023 walinzi wa Rais Mohamed Bazoum, chini ya Jenerali Abdourahamane Tchiani, walimfungia ndani ya makazi yake. Saa zile za mwanzo hapakuwa na uhakika wa lolote. Jeshi la kawaida halikuwa sehemu ya mpango, na kulikuwa na fununu kwamba lingekwenda kumkomboa. Kesho yake, Julai 27, mkuu wa majeshi akatia saini taarifa ya kuwaunga mkono waliopindua ili kuepusha umwagaji damu. Mimi ukiniuliza hatima ya Bazoum iliamuliwa lini, nitakutajia siku hiyo. Mikutano yote ya Ecowas, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, kule Abuja, vikwazo vyote na tishio la kutumia nguvu baada ya wiki moja lililotolewa Julai 30 vilikuja mlango ukiwa umeshafungwa.

Wanaorudi ndani ya wiki basi ni wale ambao jeshi lao limegawanyika na upande wao ukashinda. Jaafar Nimeiri wa Sudan alipinduliwa Julai 1971 akarudi siku ya tatu. Hugo Chávez wa Venezuela aliondolewa Aprili 2002 akarudi chini ya saa 48. Watu husimulia maandamano makubwa yaliyomrudisha, na yalikuwepo kweli, ila kikosi cha walinzi wa ikulu na askari wa miavuli wa Maracay ndio waliogeuza mambo. Michel Kafando wa Burkina Faso, Septemba 2015, alirudi ndani ya wiki baada ya vikosi vya mikoani kuandamana kuelekea Ouagadougou kukikabili kikosi cha walinzi wa rais kilichokuwa kimempindua. Talon naye ni wa kundi hili, na zaidi: hakuwahi kukamatwa, alikuwa na askari watiifu, na alikuwa na simu ya kumpigia jirani yake Nigeria, ambaye alituma ndege za kivita siku ileile.

Maandamano peke yake, bila kambi hata moja iliyo upande wako, hayajamrudisha mtu ninayemjua.

Kitasa kikishabadilishwa

Fikiria mpangaji wa Sinza aliyerudi jioni akakuta mwenye nyumba kabadilisha kitasa. Saa ya kwanza anaweza kupiga kelele, majirani wakatoka, balozi wa nyumba kumi akaja, kitasa kikarudishwa. Akichelewa mwezi mmoja, ndani kuna mpangaji mwingine, ameshapaka rangi, ameshalipa kodi ya miezi sita, na majirani wameshaanza kumwita baba fulani. Mkataba wa yule wa kwanza bado upo mfukoni, una saini na muhuri. Kumtoa wa pili sasa kunahitaji mtu mwenye nguvu kuliko wote wawili.

Hapa ndipo ilipo dhana potofu niisikiayo kuliko zote: "Hajajiuzulu, kwa hiyo bado ni rais." Bazoum alikataa kusaini barua ya kujiuzulu, na kwa sheria hoja yake ina nguvu sana. Mohamed Morsi wa Misri naye aliendelea kusema yeye ndiye rais halali, tangu alipoondolewa Julai 3, 2013 mpaka alipoanguka mahakamani na kufariki Juni 17, 2019. Uhalali ni kitu cha kweli, na mimi siudharau. Lakini unajibu swali la nani anastahili kuwa ikulu. Swali la nani atakuwa ikulu mwaka ujao linajibiwa na kitasa.

Sasa, marais na mawaziri wakuu waliokwisha kuvuka siku saba nje ya ofisi, wangapi walirudi na madaraka? Nimekaa na orodha ya Afrika nikawahesabu, nao ni kama kumi na mmoja kati ya hao 100 na ushee. Kama mmoja kati ya kumi, si haba. Ila ukiuliza "ndani ya mwaka mmoja", orodha inanyauka na kubaki watatu. Ntsu Mokhehle, waziri mkuu wa Lesotho, aliondolewa na mfalme akiungwa mkono na jeshi Agosti 1994, akarudi baada ya wiki nne kwa shinikizo la Afrika Kusini, Botswana na Zimbabwe. Said Mohamed Djohar wa Comoro aliondolewa na mamluki Bob Denard Septemba 1995, askari wa Ufaransa wakamkamata Denard, na Djohar akarudi Moroni Januari 1996, ingawa kwa madaraka ya kubandikwa tu kungoja uchaguzi. Na Ahmad Tejan Kabbah wa Sierra Leone alipinduliwa Mei 25, 1997 akarudi Machi 10, 1998.

Wote watatu wamebebwa na jirani au mgeni mwenye nguvu. Huo ndio mlango wa pili, baada ya ule wa wiki ya kwanza.

Mgeni mwenye nguvu

Kijiweni watu wakisikia "jumuiya ya kimataifa imelaani", husikia "jumuiya ya kimataifa itakuja". Kulaani ni bure. Tangu azimio la Lomé la mwaka 2000, Umoja wa Afrika husimamisha uanachama wa nchi iliyopinduliwa karibu kama kawaida, na waliopindua hulijua hilo kabla hawajatoka kambini. Kuja na vifaru ni jambo jingine, na huko hutokea mara chache mno, kwa masharti yanayotabirika.

Kabbah alirudishwa na jeshi la Ecowas lililoongozwa na Nigeria, nalo lilikuwa na askari kwenye uwanja wa ndege wa Lungi na nchi ya jirani, Liberia, kabla ya mapinduzi yenyewe. Freetown ni mji wa pwani katika nchi ndogo. (Aliyetoa amri ya kurejesha demokrasia ni Sani Abacha, dikteta aliyechukua Nigeria bila kura hata moja. Siasa za kijeshi zina ucheshi wake.) Jean-Bertrand Aristide wa Haiti alipinduliwa Septemba 30, 1991, akakaa uhamishoni miaka mitatu, na Oktoba 15, 1994 akarudishwa baada ya Marekani kupeleka maelfu ya askari kwenye kisiwa kilicho mlangoni pake.

Kwa Bazoum, karibu kila sharti lilikuwa kinyume. Niger ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.2 na iko mbali na bahari. Mali na Burkina Faso, zilizokwisha kupinduliwa, zilisema kushambuliwa Niger ni kutangaza vita juu yao pia. Seneti ya Nigeria ilimshauri Rais Bola Tinubu atafute njia nyingine. Ufaransa ilikuwa na askari wapatao 1,500 ndani ya Niger, na kijana wetu wa chaja alilirudia hilo kila jioni kama karata ya mwisho. Lakini askari walioko ndani ya nchi ambayo sehemu ya wananchi wake wanawazomea getini si mtaji, ni mzigo. Desemba 2023 walikuwa wameshaondoka wote. Na rais mwenyewe alikuwa mateka: anayekuja kumwokoa lazima ahesabu kwamba ndiye atakayekuwa wa kwanza kufa.

Ukitaka kujua mgeni anaweza kumrudisha rais baada ya muda mrefu kiasi gani, usiende mbali. Milton Obote wa Uganda alipinduliwa na Idi Amin Januari 25, 1971 akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Akaja kuishi Dar es Salaam. Nyerere alikataa kumtambua Amin, na Septemba 1972 wapiganaji wa Obote walivamia kutoka Tanzania wakachapwa. Miaka ikapita. Mtu ambaye angesema mwaka 1977 kwamba Obote hatakuwa rais tena angekuwa na hoja zote: ilishajaribiwa, ikashindwa, Amin ana jeshi kubwa.

Kisha Amin mwenyewe akafanya kosa. Oktoba 1978 akavamia Kagera. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka mikononi mwa majeshi yetu na wapiganaji wa Uganda. Hata hapo Obote hakupewa kiti: walipita Yusuf Lule na Godfrey Binaisa kwanza. Alirudi Uganda Mei 1980, na akawa rais baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka huo, ambao wapinzani wake hawakuukubali. Karibu miaka kumi. Na Julai 1985 jeshi likampindua tena; safari hii hakurudi, akafariki Johannesburg 2005.

Napenda mfano huu kwa sababu unatibu ugonjwa wa pande zote mbili. Anayesema "haiwezekani kabisa" amwangalie Obote. Anayesema "wakati utafika" ajiulize kama alikuwa tayari kungoja mpaka adui akosee, kwa sababu mwenyeji wa Obote alikuwa na nia na jeshi, na bado bila kosa la Kagera hakuna aliyejua angengoja mpaka lini. Kwame Nkrumah naye alikuwa na mwenyeji mwenye mapenzi. Alipopinduliwa Februari 24, 1966 akiwa njiani kwenda Hanoi, Rais Sékou Touré wa Guinea alimpokea Conakry na kumpa hadhi ya rais mwenza. Aliingoja Ghana miaka sita, akafia Bucharest mwaka 1972.

Mlango wa kura

Mlango wa tatu ni mrefu kuliko yote na hupitiwa na wachache: kurudi kama mgombea. Muhammadu Buhari wa Nigeria, aliyeingia kwa bunduki, aliondolewa kwa bunduki Agosti 1985. Aligombea 2003, 2007 na 2011 akashindwa, akashinda 2015. Miaka thelathini. João Bernardo Vieira wa Guinea-Bissau aliondolewa 1999 akarudi kwa kura 2005, kisha akauawa 2009.

Wengi zaidi wameufikia mlango huu ukawashinda kufungua. James Mancham wa Shelisheli alipinduliwa Juni 5, 1977 akiwa London, akarudi nyumbani 1992 vyama vingi viliporuhusiwa, akagombea 1993 dhidi ya France-Albert René aliyempindua, akashindwa. Watu walikuwa wameshakulia chini ya René. Marc Ravalomanana wa Madagascar, aliyeondolewa 2009, aligombea 2018 na 2023 bila mafanikio. Kabla ya hapo, Desemba 2012, wakuu wa SADC walikutana hapa Dar es Salaam wakataka yeye na Rajoelina wote wawili wasigombee uchaguzi uliokuwa unakuja. Mlango wa kura unaweza kufungwa hata na wapatanishi. Ndiyo maana wanaopindua siku hizi huushughulikia mapema. Siku chache baada ya kuondoka, Rajoelina alivuliwa uraia wa Madagascar kwa hoja kwamba amechukua uraia wa Ufaransa. Bazoum aliondolewa kinga na mahakama Juni 2024. Hayo yakiripotiwa huonekana mambo ya kisheria yanayochosha. Ukijua mlango wa tatu uko wapi, unaelewa kwamba hapo unapigwa misumari.

Kuna mkataba wa Umoja wa Afrika unaosema waliopindua wasigombee uchaguzi wa kurejesha demokrasia. Brice Oligui Nguema alimpindua Ali Bongo wa Gabon Agosti 2023, akagombea Aprili 2025, akashinda kwa zaidi ya asilimia 90, na mwezi huohuo Umoja wa Afrika ukaiondolea Gabon vikwazo. Mpangaji wa pili akapewa mkataba wake.

Namna ya kutaja namba

Anza na hao watatu kati ya mia: ndiyo nafasi ya rais wa kawaida aliyevuka wiki ya kwanza kurudi na madaraka ndani ya mwaka mmoja. Usianze na huruma yako kwake, wala na chuki. Kisha isogeze namba kidogo kidogo kulingana na unachokiona. Jeshi limegawanyika waziwazi? Ipandishe. Kuna jirani mwenye askari karibu, mwenye sababu yake mwenyewe, na bunge lake limeridhia? Ipandishe sana. Rais yuko mikononi mwa waliompindua, au ameshafika uhamishoni na familia? Ishushe. Kiongozi mpya ameshaapishwa, amepokea mabalozi, ametaja miaka ya kipindi cha mpito? Ishushe tena. Tchiani aliapishwa Machi 2025 kwa mpito wa miaka mitano.

Mkishafanya hivyo mtaona kwamba kijana na mpinzani wake hawako mbali kama kelele zao. Mmoja anasema atarudi, mwingine anasema harudi, kumbe kinachobishaniwa ni kama nafasi ni tatu au tisa katika mia. Na tatu katika mia si sifuri. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikisema uwezekano wa mvua ni mdogo, ukalowa Jangwani siku hiyo, haimaanishi walidanganya. Siku za namna hiyo zikikusanyika mia, chache utalowa. Atakayejulikana kama anabashiri vizuri ni yule ambaye, katika marais mia aliowapa tatu, walirudi kama watatu.

Kwa Rajoelina, kurudi madarakani ndani ya mwaka mmoja tangu aondoke, mimi nilitaja chini ya moja katika mia: kikosi kilichomwondoa, CAPSAT, ndicho kilekile kilichomsaidia kuingia 2009, na hakuna jirani aliyeonyesha dalili ya kumpigania. Embaló nilimpa zaidi kidogo, kwa kuwa Bissau hupinduana sana na anayeketi leo hana uhakika wa kesho, ingawa kuanguka kwa aliyekupindua si lazima kukurudishe wewe.

Deni la Bazoum bado lipo kijiweni. Agosti 2023 kijana wa chaja aliahidi vikombe kumi vya kahawa kwamba Bazoum atarudi. Hakusema atarudi wapi, wala kabla ya lini, kwa hiyo kila akidaiwa hujibu kwamba mtu yu hai na muda haujaisha. Kwa maneno aliyoyatumia, hadaiwi. Kwa Embaló mzee hakurudia kosa. Alichukua kalamu akaandika nyuma ya boksi la kashata: kurudi kuwa rais, Bissau, kabla ya Desemba 31, 2026. Akirudi, mzee anatoa vikombe kumi. Asiporudi, kijana anatoa kimoja.

Kijana akasoma mara mbili, akakaa kimya kidogo, halafu akasema kumi ni kidogo. Anataka thelathini.